Kipima Mionzi Kinahesabu, Mikrosievert Kinazikisia

Swali ni lile lile, kinachobadilika ni picha tu. Kipima cha Geiger kimelazwa juu ya jiwe, skrini inasoma 0.62 µSv/h (mikrosievert kwa saa, kipimo cha dozi ya mionzi), na mwenye picha anaeleza kwamba kawaida ya pale kwake ni 0.12. Kwa hesabu yake jiwe linatoa mara tano ya dozi ya kawaida. Je, watoto wahamishwe?

Watoto wabaki. Jiwe huenda lina urani kidogo, jambo la kuvutia kwa wapenda mawe, lakini ile 0.62 si dozi ya mtu yeyote.

Tyubu ya GM (Geiger-Müller, ile iliyo ndani ya kipima) haipimi dozi. Haipimi hata nishati. Chembe ikiingia na kung'oa elektroni ndani ya gesi, ile volti 400 au 900 iliyomo huikuza papo hapo, na pigo la umeme linalotoka lina ukubwa ule ule, iwe imeingia alfa, beta, gama au muoni, chembe iliyoshuka kutoka angani. Kifaa kinajumlisha mapigo, basi. Mikrosievert huja baadaye: programu inachukua mapigo ya dakika moja na kuyagawa kwa namba iliyowekwa kiwandani. Kwa tyubu ya Kisovieti SBM-20 namba hiyo ni kama 175. Kwa LND 7317, ile bapa yenye dirisha la ulanga, ni kama 334. Zote mbili zina sharti ambalo kijitabu huliandika kwa herufi ndogo, kikiliandika: kinachopimwa kiwe gama ya sesiamu-137, yenye nishati ya keV 662 (keV elfu moja ni MeV 1).

Jiwe lako si sesiamu-137.

Fotoni ya gama mara nyingi hupita kwenye tyubu bila kugusa kitu, na inayohesabiwa ni kama moja katika mia. Beta iliyofaulu kupenya dirisha huhesabiwa karibu kila mara. Urani iliyokaa muda mrefu na vizazi vyake (elementi inazogeuka kuwa) hutoa beta kwa wingi, nyingine zenye nishati ya kupita MeV 2. Programu haina namna ya kuzitambua, kwa hiyo kila beta moja inachukuliwa kuwa ishara ya gama mia zilizopita kimya. Hapo ndipo 0.62 inapozaliwa.

Kabla ya kuuliza, fanya hivi. Hesabu dakika 10 mahali pale pale bila jiwe. Kisha hesabu jiwe likiwa sentimita 1 kutoka dirishani, umbali ukishikiliwa na vipande vya plastiki na si kwa mkono. Rudia ukiwa umeweka karatasi katikati, kisha bamba la alumini la milimita 5. Kilichokatwa na karatasi kilikuwa alfa (kwa wenye dirisha la ulanga tu, maana SBM-20 ina ukuta wa chuma na alfa haiioni kabisa). Kilichokatwa na alumini kilikuwa beta. Kinachobaki ndicho unachoweza, shingo upande, kukiita mikrosievert. Tuseme tyubu bapa ilihesabu mapigo 207 kwa dakika jiwe likiwa wazi, yakashuka hadi 60 chini ya alumini, na pale pasipo na jiwe ni 40. Basi gama ya jiwe ni mapigo 20, yaani 0.06 µSv/h, tena kwa umbali wa sentimita 1. Ukisogea mita moja hutaiona.

Sisemi beta haina madhara. Inadhuru ngozi, na dozi ya ngozi ina kipimo chake, kinachokadiriwa kwenye kina cha milimita 0.07. Ni namba nyingine, haitoki kwenye skrini hiyo.

Watu wengine wakishaelewa hili huniambia: sawa, mimi nina gama tupu. Bado. Amerisiamu-241 hutoa gama ya keV 60, na tyubu isiyo na kifidia nishati huikuza mara kadhaa. Watengenezaji makini huizungushia tyubu matabaka ya bati na risasi ili mwitikio ulainike, lakini matabaka hayo hayo huziba karibu kila kitu kilicho chini ya keV 50. Kwa hiyo eksirei ya meno iliyotawanyika, tyubu isiyo na kifidia huitia chumvi, na yenye kifidia huiona nusunusu au haiioni. Vifaa vya kristali, NaI au CsI (iodidi ya sodiamu au ya sesiamu), vina tatizo hili hili kwa ukubwa zaidi. Vinanasa chanzo kilichopotea kwa haraka ambayo GM haiiwezi, lakini kama programu haisahihishi kwa kila nishati, soma mapigo kwa sekunde tu na uzisahau mikrosievert.

Halafu kuna mionzi inayotoka kwa mikupuo. Mashine ya linak ya kutibu saratani hufyatua mikupuo ya mikrosekunde chache, mara mia kadhaa kwa sekunde. Tyubu ya GM inaweza kutoa pigo moja tu kwa kila mkupuo, hata kama ndani yake zimepita fotoni elfu. Ukuta ukivuja, skrini itatulia kwenye namba ileile nzuri, ambayo kwa kweli ni idadi ya mikupuo. Kazi hiyo ni ya chemba ya ioni, inayopima mkondo wa umeme badala ya kuhesabu mapigo. Ghali, nzito, inachelewa kutulia, na ndiyo inayojibu swali.

Kosa la upande wa pili ndilo linaloua. Baada ya kila pigo tyubu hukaa bubu kidogo. Tuseme mikrosekunde 100. Ukihesabu mapigo 5,000 kwa sekunde, umekuwa bubu nusu ya muda wote, na idadi ya kweli ni 10,000. Fomula ni n = m/(1 − mτ), ambapo n ni idadi ya kweli, m iliyohesabiwa na τ muda wa ububu, na vifaa vingi huisahihisha vyenyewe hadi mahali fulani. Kupita hapo tyubu huzidiwa: namba hukwama, au hushuka, au hurudi sifuri mbele ya chanzo kikali. Iridiamu-192 ya GBq 370 (bekereli, Bq, ni mpasuko mmoja wa atomu kwa sekunde; GBq ni bilioni yake), ile ya kupigia picha mabomba, hutoa karibu mSv 50 (mikrosievert 50,000) kwa saa ukiwa mita moja. Zigeuze kwa SBM-20: ni mapigo kama 146,000 kwa sekunde, ambayo tyubu hiyo haitayahesabu kamwe.

Kwa hiyo kipima huwashwa nje, mbali, na hutembea mbele yako. Namba ikipanda kisha ikaanguka ghafla, rudi nyuma kwa njia uliyojia. Na kikigonga mwisho wa kipimo, kichukulie kuwa kizima mpaka ithibitike vinginevyo. Goiânia, Brazili, mwaka 1987, mwanafizikia alikiwasha kipima njiani akielekea kwenye chanzo cha sesiamu kilichochukuliwa kutoka kliniki iliyoachwa, kikagonga mwisho kila alikokielekeza. Akadhani kimeharibika, akarudi kuchukua kingine. Chernobyl, 1986, saa za mwanzo baada ya kinu cha nyuklia kulipuka, vipima vilivyokuwapo viliishia mikroroentgen 1,000 kwa sekunde, yaani roentgen 3.6 kwa saa (roentgen ni kipimo cha zamani cha mionzi), na mwisho huo wa kipimo ukaripotiwa kana kwamba ndiyo hali halisi.

Takwimu, kwa haraka. Mapigo 30 katika dakika moja yana wasiwasi (kuyumba kwa bahati tu) wa kipeuo cha pili chake, kama 5.5, yaani asilimia 18. Kuona 24 kisha 37 si tukio. Hesabu dakika 10 upate 300, wasiwasi ushuke kuwa karibu asilimia 6. Na kama kifaa chako kilinunuliwa mtandaoni na kinapanda ukikisogeza kwenye simu au nguzo ya umeme, yaelekea si cha mionzi ayonisha (ile inayong'oa elektroni) hata kidogo. Kirudishe.

Kuna mahali namba hupanda na kifaa kinasema kweli. Kilima cha Mrima, Kwale, Kenya, kina thoriamu. Fosfati ya Minjingu, Tanzania, ina urani. Pale gama inatoka ardhini pande zote, na ukishika kipima mita moja juu ya ardhi unapata kitu kinachokaribia dozi ya anayesimama hapo.

Kwa uchafuzi wa meza au mikono, sahau mikrosievert moja kwa moja. Tumia mapigo na ufanisi wa isotopu husika: tyubu bapa hukamata takribani asilimia 5 ya kaboni-14, asilimia 22 ya stronti-90 na itriamu yake, na tritiamu haiioni kabisa. Pitisha polepole, sentimita 3 hadi 5 kwa sekunde, karibu bila kugusa. Wanaopangusa meza kwa kasi kama wanafuta vumbi wanapoteza muda.

Pwani, unyevu wa chumvi huingia kwenye kiunganishi cha kebo, volti kubwa ikavuja na mapigo ya uongo yakaanza. Fungua, safisha kwa alkoholi ya isopropili, kausha. Kebo ikitoa mapigo unapoitikisa, itupe. Dirisha la ulanga likitobolewa na unyasi mmoja, tyubu imekwisha. Toa betri kabla ya kukiweka kabatini. Kwa kukijaribu kila asubuhi bila kibali cha chanzo, mfuko wa mbolea ya potashi unatosha: kloridi ya potasiamu ina kama Bq 16 kwa gramu. Andika namba ya siku ya kwanza, na umbali.

Kalibresheni (kulinganisha kifaa na chanzo kinachojulikana) ni kila miezi 12, na cheti kisomwe, kisitundikwe tu. Maabara hupima kwenye viwango vilivyo juu sana ya mionzi ya asili, na mkengeuko wa asilimia 20 kwa kawaida hukubaliwa. Karibu na 0.1 µSv/h kifaa kinahesabu pia muoni na uchafu mdogo wa vifaa vilivyoiunda tyubu yenyewe, hivyo vipima viwili vyenye vyeti halali vinaweza kutofautiana waziwazi vikiwa meza moja. Mimi desimali ya pili hapo siiamini, hata ikiwa na muhuri.