Parkinson na kuanguka: mzee alikuwa akifanya nini?

Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo hapa Mombasa. Wagonjwa wengi wa Parkinson huletwa kwangu wakiwa wameshaanguka zaidi ya mara moja, wakisindikizwa na binti au mkaza mwana ambaye ameshakata shauri kwamba mzee asiinuke tena peke yake. Familia huniambia ameanguka wapi na ameumia wapi. Ninalolihitaji zaidi ni kujua alikuwa akifanya nini muda mfupi kabla ya kuanguka, kwa sababu mtu wa Parkinson haanguki ovyo. Huanguka katika nyakati zinazojirudia, na kila wakati una dawa yake.

Ugonjwa huu, uliopewa jina la daktari Mwingereza James Parkinson aliyeueleza mwaka 1817, hutokana na kufa kwa seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kuanza na kuendeleza miendo tuliyoizoea bila kuifikiria. Vidonge vya levodopa hupunguza ukakamavu wa mwili na uzito wa miendo, lakini kwa kawaida haviurudishi uwezo wa kusimama imara kwa kiasi hicho hicho. Hapo ndipo baadhi ya watu humwongezea mzee dozi bila kumwuliza daktari, jambo ambalo laweza kumletea madhara mapya.

Wakati wa kwanza ninaouulizia ni ule ambao miguu inagoma. Mgonjwa anatembea vizuri, kisha akifika mlangoni, au akitaka kugeuka katika ujia mwembamba, nyayo hunata sakafuni ilhali kiwiliwili kinaendelea mbele. Ajabu ni kwamba mzee huyo huyo huenda akapanda ngazi za nyumba ya Mji wa Kale bila taabu, kisha akagoma juu kwenye kizingiti. Sababu ni kwamba kila kipandio humpa jicho alama ya kuvukia, na ubongo unaoshindwa kuanzisha hatua kwa mazoea huweza kuianzisha kwa kufuata alama. Kwa hiyo huwaomba jamaa wabandike vipande vya utepe wenye rangi iliyokoza sakafuni, kukingama njia ya kuingia chooni na chumbani, na humfundisha mgonjwa asimame kabisa, ahamishe uzito upande mmoja, ahesabu, ndipo aanze. Kugeuka nako kuwe kwa kuzunguka kwa hatua kadhaa, wala si kwa kujipinda pale pale aliposimama. Kumvuta mkono mtu ambaye miguu yake imegoma ni kumwangusha, hata kama nia ni njema.

Wakati wa pili ni wa kuinuka. Parkinson, na baadhi ya dawa zake, huweza kuushusha msukumo wa damu mtu anaposimama. Sisi huupima akiwa amelala, kisha ndani ya dakika 3 za kusimama, na namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, tunakuwa na jibu. Anayeona kiza akiinuka kutoka kwenye sijda aruhusiwe kuswali kwenye kiti, na joto letu la Pwani linataka anywe maji ya kutosha. Ramadhani ina mambo mawili kwa pamoja, upungufu wa maji na kuvurugika kwa saa za vidonge, kwa hiyo suala la kufunga lizungumzwe na daktari mapema.

Wapo pia wanaoanguka kwa sababu wamefanya mawili kwa wakati mmoja: kubeba sinia la chai huku wakijibu salamu, au kutafuta nauli wakielekea kwenye tuktuk. Hawa huwashauri wasimame kwanza, wamalize mazungumzo, ndipo waende. Kandambili ziachwe, kiatu kinachoshika kisigino ni bora, ingawa najua ushauri huu hupingwa kuliko wote.

Kumkalisha mzee kutwa nzima nakupinga waziwazi. Misuli ya mapaja hunyauka, woga huongezeka, na siku atakapolazimika kuinuka ataanguka kwa urahisi zaidi. Mazoezi ya kusimama kutoka kwenye kiti imara, akiwa na mtu karibu na katika saa ambazo dawa inafanya kazi vizuri, yanafaa kuliko ulinzi huo.

Mambo mawili hayangoji miadi yangu. Mgonjwa aliyegonga kichwa, hasa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo hata akisema hajambo. Na aliyeanza kuanguka kinyumenyume mapema katika ugonjwa wake, huku akipata shida kuteremsha macho kutazama chini, aonwe upya na daktari wa neva, kwani huenda alicho nacho ni ugonjwa mwingine unaofanana na Parkinson.