Kila Mfulani akiitwa gaidi, anayefaidi ni gaidi

Alfajiri ya tarehe 23 Machi 2019, watu waliovaa kama wawindaji wa jadi waliingia Ogossagou, kijiji cha Wafulani, jamii ya wafugaji wa Afrika Magharibi, katikati ya Mali. Walichoma nyumba na kuua watu wapatao 160, watoto wakiwemo. Serikali ikatangaza kulivunja Dan Na Ambassagou, kundi la mgambo wa jamii ya Wadogon. Kundi likakataa kuweka silaha chini. Februari 14, 2020, wauaji walirudi kijiji kilekile, saa chache tu baada ya wanajeshi waliokuwa wakikilinda kuondoka. Wakaua zaidi ya 30.

Katika kazi yangu ya kuchambua usalama wa Sahel, ukanda ulio kusini mwa jangwa la Sahara, swali ninaloulizwa sana ni: mbona Wafulani wengi wamo kwenye makundi ya jihadi? Kwangu swali hilo limeshikwa mkiani. Kwenye delta ya ndani ya mto Niger, maji yakipungua ng'ombe huingia kula bourgou, majani yanayoota majini, na mfugaji hulipia malisho hayo. Ada zikapanda, na maofisa nao wakawa na faini zao. Mhubiri Amadou Koufa aliyadaka malalamiko hayo akaunda Katiba Macina, kundi la wapiganaji wa jihadi ambalo mwaka 2017 liliingia katika JNIM, muungano wa makundi yenye uhusiano na al-Qaeda. Lakini mahubiri peke yake yasingemfikisha mbali. Aliyemjazia safu ni askari au mgambo anayemuona mchungaji na ng'ombe wake akaona adui. Kijana aliyezika baba yake hahitaji kuhubiriwa.

Koufa analijua hilo vizuri. Novemba 2018 alitoa video akiwaita Wafulani wa nchi kadhaa, kuanzia Senegal hadi Cameroon, washike silaha. Wengi mno hawakumsikiliza, na watu wake wamewaua hata Wafulani wenzao waliompinga.

Burkina Faso nayo, tangu 2020, inawapa raia silaha, na Wafulani kwa kiasi kikubwa wameachwa nje ya mgambo hao. Machi 2025, eneo la Solenzo, Wafulani zaidi ya 130 waliuawa. Mwezi uliofuata JNIM ikavamia vijiji vya mkoa wa Sourou, ikaua raia wasiopungua 100, kisasi kwa wanakijiji waliodaiwa kuunga mkono mgambo.

Sasa vita vimefika kaskazini mwa Benin na Togo, na huko pia mfugaji wa Kifulani anayekimbia na mifugo yake anapokewa kwa jicho lilelile la shaka.