Wekundu wa choya si damu

"Kunywa choya, utaongeza damu." Tumeisikia tangu utotoni, na sababu ni rangi tu. Wekundu ule ni anthosayanini, jamii ya rangi iliyomo kwenye zabibu nyeusi. Tia magadi kidogo uone unavyogeuka kuelekea bluu na kijani. Hata hilo "ua" kavu la sokoni si petali: ni vikombe vinene vinavyolishika ua kwa chini, vinavyobaki petali zikishadondoka.

Mwenye upungufu wa damu akapimwe, apate tiba. Choya tuinywe kwa uchachu wake. Mimi huloweka konzi moja kwenye maji yaliyotoka kuchemka, dakika 10, na kipande cha tangawizi. Sukari baadaye. Haina kafeini, kwa hiyo hata usiku nainywa bila wasiwasi. Ila anayetumia dawa za presha amuulize daktari kwanza, maana choya inaweza kuishusha zaidi.