Kuvunjika kwa Mfupa wa Kifundo cha Mkono: Maswali na Majibu

Swali: Bodaboda iliteleza nikaangukia kiganja. Eksirei haikuonyesha kitu, ila bado naumwa. Je, mfupa ni mzima?

Jibu: Huenda si mzima. Upande wa kidole gumba kuna mfupa mdogo uitwao skafoidi, ambao ufa wake pengine hauonekani katika picha ya siku ya kwanza. Inua kidole gumba kwa kukikaza, utaona kishimo kati ya kano mbili kifundoni. Mhudumu akikibonyeza ukaumia, basi mkono huo utibiwe kama uliovunjika, yaani ufungwe gango au plasta na picha irudiwe baada ya siku 10 hadi 14, hata kama safari ya kurudi hospitali ya wilaya ni ndefu. Nalisisitiza hili kwa sababu mfupa huo hupata damu hasa kupitia upande wa vidoleni, kwa hiyo ukivunjika na kupuuzwa, kipande cha upande wa pili kinaweza kukosa damu kikafa, na kijana anayeitegemea pikipiki kwa riziki akashindwa kukamata breki sawasawa.

Swali: Kabla ya kufika kituoni nifanyeje?

Jibu: Vua pete na bangili mapema, kabla vidole havijavimba. Egemeza mkono juu ya kipande cha boksi gumu, uufunge kwa kitambaa bila kukaza, kisha uuninginize shingoni kwa leso. Usichuliwe wala kuvutwa.

Swali: Mama yangu mkono umepinda kama mgongo wa uma. Atafanyiwa nini?

Jibu: Huo ni mvunjiko ulioelezwa mwaka 1814 na Abraham Colles, daktari wa upasuaji wa Dublin, nao huwapata sana wanawake wenye umri mkubwa. Mhudumu hupima mapigo ya damu na hisia za vidole, hutia ganzi, huunyoosha mfupa, hufunga plasta na kupiga picha nyingine. Kwa kawaida plasta hukaa wiki 6 hivi. Penye jeraha wazi au ganzi vidoleni, apewe rufaa upesi.

Swali: Jamaa wanataka nimwone mganga wa mifupa wa kijijini. Kuna hatari?

Jibu: Ninawaheshimu wazee hao, lakini vijiti vilivyokazwa mno huzuia damu, na nyama ikifa mkono huweza kukatwa. Plasta ya hospitali nayo huweza kubana, kwa hiyo vidole vikipoa, vikififia rangi au maumivu yakizidi hata baada ya dawa, rudi saa hiyo hiyo, hata usiku, ilegezwe.