Minazi Hakuna: Dhana Potofu Kuhusu Kuishi Peke Yako Visiwani Ssese

Nilipowaaga watu wa Jinja kwamba nakwenda kukaa kisiwani miezi tisa kulinda nyumba ya mjomba, hakuna aliyeniuliza nitakula nini wala nitalala wapi. Waliuliza: "Madafu utatuletea?"

Basi tuanze na hilo, liishe. Ssese ni visiwa 84 ndani ya Ziwa Viktoria, upande wa Uganda. Ni maji baridi, bahari iko nchi nyingine, na mnazi sikuuona hata mmoja. Miti inayofanana na minazi kule Bugala, kisiwa kikubwa kuliko vyote, ni michikichi. Imepandwa kwa safu kama askari wa gwaride tangu katikati ya miaka ya 2000, na mafuta yake yanaishia jikoni na kwenye sabuni.

Na ule msitu mwingine, wenye kasuku na tumbili, ambao wageni huupiga picha wakisema haujawahi kuguswa? Kabla ya wakoloni visiwa hivi vilikuwa na watu, migomba, na hekalu la Mukasa, mungu wa ziwa, kule Bubembe, ambako hata makabaka, wafalme wa Buganda, walipeleka zawadi. Mwanzoni mwa karne ya 20 yakaja malale. Yaliua zaidi ya watu laki mbili kandokando ya ziwa, Buganda na Busoga. Anayeyaeneza ni mbung'o, na huyu wa ziwani hupenda vichaka vya ukingoni mwa maji. Serikali ya kikoloni iliposhindwa kumwondoa mbung'o, ikawaondoa watu. Waliruhusiwa kurudi baada ya miaka, na wengi hawakurudi. Mashamba yakamezwa na miti. Ukipita chini ya kivuli kile, huenda unakanyaga shamba la babu wa mtu.

"Utakuwa mpweke"

Hili lilinidanganya mimi mwenyewe. Nilidhani nakwenda kunyamaza. Nyumba ya mjomba, vyumba viwili vya mabati, iko kilimani, dakika kumi na tano kutoka mwaloni, pale boti za wavuvi zinapofikia, kwenye kisiwa kidogo ambacho ukikizunguka kwa miguu unarudi ulipoanzia kabla chai haijapoa vizuri. Sijafungua hata begi, mtoto akaja kuniita: mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ananitaka. Uganda mgeni hahamii kijijini kimyakimya, na kisiwani ndiyo kabisa, maana kila anayeshuka kwenye boti anaonekana.

Mzee alikuwa amekaa chini ya mwembe na daftari lake.

"Karibu, binti yangu. Umekuja na nani?"

"Peke yangu, mzee."

"Peke yako na nani?"

Nikarudia. Akaandika, akaomba namba ya mjomba, akampigia papo hapo. Kesho yake akampigia tena. Simlaumu. Mtu asiye na wavu, asiye na duka, asiye na mume wala mtoto, anakaa kilimani tu, watu watasema anapumzika? Watamchunguza. Wiki mbili za kwanza nilipata wageni kuliko mwaka mzima wa Jinja. Mmoja alikuja kuazima chumvi akiwa na pakiti ya chumvi mkononi.

Kilichonisaidia ni Kiswahili, na hapa kuna dhana nyingine ndani ya dhana. Mimi ni mtoto wa kambi ya jeshi. Nimekua nikiambiwa, hadi darasani, kwamba Kiswahili Uganda ni lugha ya askari na wezi. Mwaloni nilikuta mambo mengine kabisa. Wavuvi hufuata samaki, na samaki hajui mpaka. Pale kuna Waganda, Wasoga, Wanyankole, Wajaluo wa upande wa Kenya, Wahaya na Wasukuma waliovuka na mashine zao za boti. Kiganda ndicho mwenye nyumba, lakini bei zikianza kubishaniwa kati ya Mjaluo na Msukuma, utasikia Kiswahili kinaingia bila kubisha hodi. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Hawa walikuwa hawakuingoja.

Kimya kipo, ila kina saa zake. Ni kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, waliovua usiku wakiwa wamelala. Baada ya hapo ni mafundi wakigonga mbao, redio, na jenereta ya ukumbi wa video. Siku ya mechi ya Ligi ya Uingereza nilijua matokeo nikiwa kitandani.

"Maji yamekuzunguka, huwezi kukosa maji"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia.

Wiki za kwanza nilikuwa nikiteremka ziwani saa sita mchana, jua likiwa juu, maji yakiwa vuguvugu. Naoga, nafua, nasimama magotini ndani ya maji karibu na majani, nasugua nguo bila haraka. Ya kunywa nilichemsha kwa bidii, nikajiona mjanja. Miezi miwili baadaye nilikuwa na tumbo la kukatakata, kuhara kunakuja na kuondoka, na uchovu ambao usingizi hauutoi. Kwenye kituo cha afya mhudumu hakuzunguka: "Dada, unaogea wapi?" Nilipomwambia, akacheka kidogo, akachukua kikopo cha kupimia choo.

Kichocho. Nikabisha. Nilikuwa najua kichocho ni kukojoa damu, ndivyo tulivyofundishwa, na mimi mkojo wangu ulikuwa safi. Hapo nikaelimika. Kichocho ni cha aina zaidi ya moja. Kile cha mkojo ndicho kinachosifika pwani ya Afrika Mashariki, na jina limeshikana nacho. Cha Ziwa Viktoria ni cha tumbo: minyoo hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, mayai yake hutoka na choo, na yanayobaki mwilini huenda kulijeruhi ini polepole, kwa miaka. Mtu anaweza kuwa nacho muda mrefu bila kuona tone la damu popote.

Kosa la pili lilikuwa kudhani hatari iko kwenye kunywa. Mayai yakifika majini huangua, kinachotoka humo huingia kwenye konokono wadogo wanaokaa kwenye majani ya kingoni, na humo huzaliana. Kisha vijidudu hutoka mchana, wengi zaidi jua linapokuwa kali, wanaogelea wakitafuta ngozi. Wanaipenya kwa dakika chache bila maumivu. Saa yangu ya kuoga ilikuwa ndiyo saa yao ya kazi, na mahali pangu ndipo nyumbani kwao. Kuchemsha maji ya chai hakukunisaidia chochote.

Nilipewa vidonge vinne vya prazikwanteli nimeze kwa mkupuo, vikubwa, vichungu hadi masikioni. Vinaua minyoo iliyokomaa. Havikupi kinga, ukirudi kuoga pale pale, unaanza upya. Kila kampeni ya dawa ikipita kisiwani, kuna wanaoona wamemaliza deni, jioni wamo majini tena.

Basi nikabadili. Mvua ikinyesha, mabati ya mjomba yananipa maji ya kuoga na kupikia. Kiangazi nilimlipa kijana anichotee mbali, palipo na kina, pasipo na majani, halafu maji yanakaa siku mbili kwenye pipa lenye kifuniko kabla sijayagusa. Vile vijidudu visipopata mtu havifiki siku mbili. Ya kunywa bado nachemsha, maana kipindupindu na taifodi ni kesi nyingine. Jerikeni ya lita 20 kupanda kilima kile ina uzito wa lita 40, nakwambia.

"Samaki utakula bure"

Watu wanaona ziwa wanadhani ni bustani isiyo na mlango. Mlango upo na una walinzi. Sangara chini ya sentimita 50 haramu, sato chini ya 28 haramu, na mwaka 2017 jeshi nalo likaingia kusaka nyavu zisizoruhusiwa. Sangara mkubwa, ambaye kwa asili si wa ziwa hili, aliletwa miaka ya 1950 na 1960, haliwi mwaloni; anawekwa barafu na kwenda kiwandani, kisha ng'ambo. Niliwahi kumuuliza bei mmoja, mwenye boti akanitazama kama niliyeulizia bei ya boti.

Tunachokula ni dagaa, mukene wanavyoitwa hapa. Na dagaa wana kalenda yao. Huvuliwa usiku kwa taa: wanaufuata mwanga, wavu unapita chini yao. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote ni taa, hawakusanyiki, na mitumbwi hubaki nchi kavu. Wiki hiyo mwalo hulewa, hugombana, na hukopa. Nilijifunza kununua kabla mwezi haujajaa.

Jirani yangu wa chini, mama mmoja mtu mzima, ndiye aliyenifundisha kuchagua. Anachukua dagaa mmoja, anamkunja katikati. Aliyekauka jua huvunjika na kulia. Aliyenyeshewa akaanikwa tena hupinda kama kamba. "Huyu mpe kuku, mwanangu," atasema, na kumrusha. Anaanika juu ya chanja siku hizi. Zamani alikuwa na kiwanja chake cha mchanga, hatua thelathini kwenda majini. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi likaipita rekodi ya 1964, na kile kiwanja sasa boti zinafungwa juu yake.

Vingine vyote vinatoka bara: unga wa posho, vitunguu, mafuta, kiberiti. Matooke, ndizi za kupika, yakifika yamesafiri kuliko mimi. Nilipanda mahindi, tumbili wakavuna. Nikapanda dodo, yaani mchicha, wakaiacha, sijui kwa nini, na dodo na dagaa ndiyo ikawa mlo wa siku nne kwa juma.

"Joto litakuua" na "najua kuogelea"

Tuko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, ni kweli, lakini ziwa liko meta 1,134 juu ya usawa wa bahari. Usiku nilivaa sweta. Aliyeniambia nisibebe blanketi bado hajaomba msamaha.

Cha kuogopa ni radi. Mchana nchi kavu hupata joto haraka, upepo hutoka ziwani kwenda bara, na mvua hujijenga huko. Usiku mambo hugeuka: bara hupoa, ziwa hubaki na joto lake, pepo za kutoka kingo zote hukutana juu ya maji, na hewa yenye unyevu hupanda juu. Ndiyo maana dhoruba kubwa hupiga katikati ya usiku kuelekea alfajiri, saa ambazo wavuvi wa dagaa wako kazini. Kutoka kilimani niliona umeme ukipiga upeo wote wa macho huku taa za mitumbwi zikiwa bado zimetulia, kisha zinaanza kurudi, moja moja, kwa kasi. Mama wa chini huzihesabu. Ana wana wawili humo.

Kuhusu kuogelea, wanaozama si wote wasiojua kuogelea. Mawimbi, giza, nguo nzito, mashine iliyozimika. Jaketi la kuokolea wengi hulikalia kama mto. Mimi nililivaa nikachekwa, nikaendelea kulivaa. Kwenda bara nilipendelea feri: ya Bukakata hadi Luuku haina nauli, na ile ya kutoka Nakiwogo, Entebbe, hufika Lutoboka kwa saa tatu na ushei. Shida ni kufika Bugala kwanza.

Nyoka, mamba na wengineo

Wapo. Niliona nyoka watatu kwa miezi tisa, kiboko mmoja kwa mbali, mamba nilisikia habari zake tu. Mbu walinipa malaria mara mbili. Na wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama nguzo za moshi, hasa mwezi unapoandama, hawaumi kabisa. Wanaingia tu kwenye taa, kwenye chai, kwenye pua.

"Sasa siku nzima ulikuwa unafanya nini?"

Hili bado naulizwa, kwa sauti ya mtu anayeamini nilikuwa nimelala kwenye bembea. Bembea sikuwa nayo. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi natoa paneli ya sola, naigeuza ielekee jua linakotokea. Natazama pipa: maji ya juzi yametimiza siku mbili au bado? Nateremka mwaloni boti zikiingia, nanunua dagaa, nakunja mmoja. Napanda. Kuni: kuni mbichi ya kisiwani hulia moshi saa nzima, kwa hiyo za wiki ijayo nazianika leo. Nafagia, nafukuza tumbili, nafukuza tumbili tena. Saa nane nakwenda kwenye jiwe la nyuma ya nyumba, mahali pekee penye mtandao, nasoma ujumbe wa watu wa Jinja wanaoniambia nimebahatika kupumzika. Natuma pesa kwa simu kulipa aliyenichotea. Jua huzama kwenye saa moja jioni, Januari hadi Desemba, na giza haliagi. Nusu saa hivi, huoni kidole. Kabla ya hapo chandarua kiwe kimeshafungwa, taa iwe mahali pake.

Kisha mama anaita kutoka chini, anataka kujua huko juu naona taa ngapi.