“Nikipata Mtaji Tu”: Dhana Potofu Kuhusu Kutoka Katika Umaskini

Juma lililopita, katika mkutano wa kikundi cha kuweka na kukopa karibu na mwalo wa Kibirizi, mama mmoja alisimama akasema maneno ambayo nimeyasikia tangu nianze kukagua hesabu za vikundi hapa Kigoma: “Sisi tunachokosa ni mtaji tu.” Wenzake wakampigia makofi. Mimi nilikuwa nimeshika daftari lake la mikopo, nalo lilionyesha kwamba huo ulikuwa mtaji wake wa tatu.

Mtaji unahitajika, na sitadai vinginevyo. Lakini wengi ninaowahudumia hawakuanguka kwa kuukosa, bali kwa kuula bila kujua kwamba wanaula. Baada ya mkutano nilikaa na mama huyo tukapitia mzigo wake wa mwisho. Alinunua dagaa wabichi kwa shilingi 600,000, akawaanika, akawauza kwa 760,000, akaamini amepata faida ya 160,000. Hakuwa amehesabu vibarua wa kuanika (40,000), ushuru na mifuko (25,000), usafiri hadi stesheni (15,000), wala riba ya mwezi (60,000). Faida halisi ilikuwa 20,000, na wakati huohuo alikuwa amechota 90,000 kwenye fedha zilezile kwa ajili ya sare za watoto na chakula. Aliporudi mwaloni, mtaji wake ulikuwa 530,000. Kwa mwendo huo haifiki mizunguko minane kabla hajasimama tena mkutanoni kuomba mtaji wa nne.

Tena dagaa huvuliwa gizani kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi inapong'aa vipe, yaani mitumbwi ya kuvulia dagaa, hupumzika, ilhali rejesho la kila juma halipumziki. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, wapo waliotafuta mkopo mwingine ili walipe wa kwanza, nao ulikuwa wa kausha damu, yaani wa riba ya kunyonya. Mtu wa namna hiyo ukimwongezea mtaji unamwongezea deni.

Ushauri wangu, ambao wengi huucheka, ni madaftari mawili, moja la biashara na moja la nyumbani, na mwenye biashara ajilipe posho maalumu, hata kama ni 3,000 kwa siku, asiguse zaidi ya hapo. Kikundi kinachokopesha bila kuomba kuona daftari la biashara, kwa maoni yangu, kinamsindikiza mwanachama wake shimoni.

Dhana nyingine hazinichukui muda mrefu. Mkopo wa halmashauri si zawadi: hutoka katika asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu, hauna riba, lakini hurejeshwa, na usiporejeshwa anayekosa ni jirani anayesubiri zamu. Bidii peke yake nayo haitajirishi, kwani kama ingekuwa hivyo wapagazi wa bandarini, wanaoanza kubeba magunia kabla ya alfajiri, wangekuwa matajiri wa mji huu. Kuhusu vijana wanaouita mkeka wa kubeti “uwekezaji”, niliacha kubishana nao zamani. Huwaomba tu waandike kila walichoweka na kila walichopata kwa miezi mitatu, na hadi leo hakuna aliyeniletea karatasi hiyo.

Kisha kuna chuma ulete, ambayo husingiziwa kila droo inapopungua fedha. Muuza mawese mmoja wa Ujiji alikuwa tayari kumlipa mganga ili amkamate anayemchotea kwa uchawi. Nilimwomba asubiri mwezi mmoja na kila usiku aandike kila shilingi inayotoka dukani. Mwezi ulipokwisha tulifungua daftari pamoja, tukakuta jina la shemeji yake mara kumi na moja.