Ziara ya fasihi Unguja Mjini: usiishie Shangani, vuka Darajani

Ziara ya fasihi isiyovuka Darajani, barabara iliyo kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, ni nusu ziara. Naanza na hili kwa sababu ndilo kosa ninaloliona zaidi: kundi linaanzia Forodhani, linazungushwa Mji Mkongwe, linaonyeshwa milango ya nakshi, jina la Abdulrazak Gurnah linatajwa kwa ajili ya Nobel ya 2021, kisha watu wanarudishwa Forodhani kula urojo. Hakuna ukurasa hata mmoja uliosomwa. Na ule upande wa pili wa barabara, ambao riwaya zetu zimeutembea kuliko Shangani, haukukanyagwa.

Haya ninayoyaandika yanawahusu walimu wa skuli wanaosomesha riwaya ya Vuta n'kuvute na diwani ya Kimbunga kidato cha tano na cha sita, vikundi vya usomaji, na wageni wa Bara wanaoshuka boti asubuhi na kurudi jioni.

Kwanza idadi. Watu sita wanatosha. Wanane ndio mwisho, ukimtoa mwongozaji. Vichochoro vya Mji Mkongwe vingi havipitishi zaidi ya watu wawili sambamba, na ndani yake humo humo hupita vespa, baiskeli na mkokoteni wa hamali anayepiga kelele apishwe. Kundi la kumi na mbili likisimama kusoma, linaziba njia, na wale watatu wa mwisho hawasikii kitu. Wakifika njia panda wanapotea. Simu haiwasaidii, kwani kuta ni ndefu na ramani inamwonyesha mtu yuko uchochoro wa jirani. Mwalimu mwenye wanafunzi arubaini asiwapeleke kwa pamoja. Awagawe makundi matano, kila moja na kiongozi wake, waachane dakika 20, na wengine waanzie mwisho wa njia warudi mwanzo.

Kuhusu saa, anza saa 2 kamili asubuhi ili umalize kabla ya adhana ya adhuhuri, ambayo hulia baada ya saa 6 mchana. Ukichelewa mpaka saa 4, jua limepanda, maduka yamejaa na sauti ya msomaji inamezwa. Nafasi ya pili ni saa 10 alasiri, watu wakishatoka msikitini, lakini hapo una saa mbili na kidogo tu kabla ya magharibi, kwa hiyo punguza vituo. Ijumaa asubuhi iepuke kama ratiba yako inaweza kuingia mchana. Mwezi wa Ramadhani nenda, ila kituo cha kahawa kihamishie baada ya futari, na maji ya kunywa yasinywewe njiani hadharani. Masika, Machi mpaka Mei, mvua hugeuza vichochoro kuwa mifereji. Chukua viatu vya kufunga, si kandambili.

Mavazi: mabega na magoti yafunikwe, wanaume na wanawake. Mnapita mbele ya milango ya watu, si jumba la makumbusho.

Kurasa ndizo roho ya jambo lenyewe. Kila kituo kiwe na ukurasa mmoja, usiozidi dakika mbili kusomwa kwa sauti. Uandikwe kwa herufi kubwa kwenye karatasi ngumu, maana upepo wa Malindi hauna simile na karatasi nyepesi. Msomaji asimame mgongo ukielekea ukuta, wasikilizaji wakimtazama. Ukuta unairudisha sauti mbele. Akisimama katikati ya njia sauti inapotelea pande zote mbili. Spika ya kubeba usiitumie kabisa. Na kitabu chenyewe kila mtu awe nacho au akinunue. Ule ukurasa ni wa kuonjesha tu.

Anzieni Malindi, upande wa bandari. Hapa zinasomwa riwaya mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza ni Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, inayowahusu makuli wa bandarini na mgomo wa 1948. Ndani ya bandari hamwingii bila kibali na kamera zifungwe. Simameni nje, mahali panapoonekana majahazi na wachukuzi. Mwambie kila mtu achague mzigo mmoja anaouona, gunia au boksi, aufuate kwa macho tangu unapobebwa mpaka unapotuliwa, ahesabu mikono iliyougusa. Baada ya hapo someni. Riwaya ile inaingia mwilini kwa namna ambayo darasa haliwezi.

Ya pili ni By the Sea ya Gurnah, ya 2001. Saleh Omar, muuza fanicha, anatua uwanja wa ndege wa Gatwick na kijisanduku cha udi, udi al-qamari, alioupata kwa mfanyabiashara aliyekuja na pepo za musimu kutoka Bahrain. Kituo hiki nakipa dakika 25, na nasisitiza udi uwepo. Nunueni kipande siku moja kabla. Kidogo tu, kama ukucha wa kidole gumba. Kaa la moto liwekwe kwenye chetezo na liachwe mpaka livae majivu meupe juu. Ukiweka udi kwenye kaa jekundu unaungua mara moja na kutoa moshi mkali wa kuni, na watu watadhani ndivyo unavyonukia. Juu ya majivu, kipande kinatokwa na mafuta polepole, kinameta, kisha harufu inapanda. Msomaji aanze hapo. Kijisanduku kile kinachukuliwa na ofisa wa uhamiaji, na mtu aliyekwisha kunusa anajua nini kimechukuliwa.

Kuna makosa mawili juu ya Gurnah ambayo waongozaji wanayarudia. La kwanza ni kusema riwaya yake Paradise, ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, inatokea hapa Unguja. Sivyo. Yusuf anaanzia Kawa, mji wa reli upande wa Bara, na safari yake inakwenda ndani zaidi ya Bara. La pili ni kuonyesha nyumba na kusema "hapa ndipo alipokulia". Nyumba hizo zina wenyewe, wanafua na kupika humo. Mtaa unatosha.

Kutoka Malindi fuateni bahari mpaka mbele ya Kasri, pale palipokuwa Bet il Sahel, jumba la zamani la masultani. Hapa pana hadithi ya kalamu kubwa kuliko zote za kisiwa hiki, nayo ni ya Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Kurani lakini hawakufundishwa kuandika. Salme alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa kuandikia. Mwaka 1859, akiwa na miaka 15, ujuzi huo ukamtia matatani: ndugu zake waliopanga kumpindua Sultani Majid walimfanya mwandishi wao wa barua. Mwaka 1866 akaondoka Unguja, akaishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Nendeni na mfupa wa bega la ng'ombe uliosafishwa na kukaushwa juani. Bucha lolote la Darajani litakupa ukiagiza mapema. Upitishwe mkono kwa mkono, kila mtu aandike herufi moja kwa kalamu ya mti na wino. Upande wa katikati ni laini na wino unashika. Karibu na ukingo unatambaa. Dakika tano, na hakuna atakayesahau.

Mwongozaji akisema Salme aliishi Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, msahihishe kwa heshima. Jumba lile lilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, Salme ameshaondoka miaka 17. Hata Kasri linaloonekana leo si lile alilolijua, kwa kuwa mizinga ya Waingereza ililivunja Agosti 1896. Beit al-Ajaib lenyewe liliporomoka upande wa mbele tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo msipange kuingia; na kabla ya kuahidi kundi ndani ya Kasri, ulizia siku moja kabla kama limefunguliwa.

Shangani ni kituo kifupi, nyumba ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa karne ya 19. Maisha yake aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Ni nathari safi, ya mtu anayesimulia kama anahesabu mali. Na mali aliyokuwa akiihesabu ilikuwa pembe za ndovu na watu. Someni aya moja, msijadili, bebeni ukurasa huo mpaka Mkunazini.

Katikati ya njia kuna Sokomuhogo, pale Jaws Corner, na kahawa. Barazani hapana ziara; pana watu. Mwongozaji atangulie peke yake, atoe salamu, "Assalaam alaykum, shikamooni wazee," aombe nafasi, kisha ndio aite wengine. Baraza moja linakaa watu wanne au watano kwa starehe, waliobaki wasimame upande wa pili bila kuziba mlango wa mtu. Muuza kahawa akija na dele lake, mnunulie na waliokuwapo kabla yenu. Ukurasa wa hapa ni wa Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Wazee wengi wanamjua Bwana Msa kuliko nyinyi. Mzee akiingilia kati kusahihisha, karatasi iwekwe chini. Huo ndio wakati bora wa asubuhi nzima. Picha msipige mpaka muulize, na mkiambiwa hapana, ni hapana.

Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, utoeni ule ukurasa wa Tippu Tip mliobeba kutoka Shangani, muusome tena. Maneno ni yale yale, uzito umebadilika. Nyuma ya altare amezikwa Askofu Edward Steere, aliyefariki mwaka 1882. Mwaka 1870 alichapisha hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja, pamoja na kitabu cha sarufi ya lugha yetu. Kiunguja alichokiandika ndicho kilichokuja kufanywa msingi wa Kiswahili sanifu na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930. Wanafunzi wa Bara husimama hapa kwa mshangao kidogo: lugha ya mtihani wao ilikuwa lugha ya mtaa huu.

Sasa Darajani. Jina linasema wazi, palikuwa na daraja. Hori la bahari liliutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, baadaye likafukiwa, na barabara pana ikapita juu yake. Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, ya 1999, isomwe hapa kwa namna hii. Kundi lisimame upande wa sokoni. Asome mwanamke, ikiwezekana kijana, kipande kinachomwonyesha Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa Bwana Raza mwenye umri wa kumzaa, akiwa hana pa kwenda baada ya jamaa zake kumkana. Aishie katikati ya aya. Karatasi ikunjwe, vukeni barabara wote pamoja, bila haraka, na upande wa pili amalizie, pale Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo, anapompokea. Kelele za daladala zitameza maneno mawili matatu. Haidhuru. Mnatembea hatua chache tu, na kila mtu anafahamu kwa miguu yake kwamba riwaya nzima imekaa juu ya hatua hizo.

Ng'ambo kwenyewe msitafute nyumba ya Mwajuma. Sehemu kubwa ya mitaa ya zamani ilibomolewa baada ya Mapinduzi ya 1964 kupisha majumba marefu ya Michenzani, na kulijua hilo ni sehemu ya usomaji. Piteni Kisiwandui, mwende Miembeni au Kikwajuni, mahali ambapo bado zimo nyumba za chini zenye baraza. Hapa ndipo pa kumsikiliza Siti binti Saad, mwana wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu kabla sauti yake haijamfikisha Bombay kurekodi santuri mwaka 1928. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Wimbo mmoja kwenye simu, sauti ya chini, unatosha. Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyefariki mwaka 2021, namweka mwisho: mashairi ya Kimbunga yaghaniwe, yasisomwe kama taarifa ya habari. Asiyejua kughani amwachie anayejua, na mtaa huo hawakosekani.

Kuhusu kukodi mwongozaji: dai kitambulisho chake cha Kamisheni ya Utalii, usiokote mapapasi wanaokufuata bandarini. Muulize amesoma kitabu gani kati ya hivi. Akikujibu "vyote," muulize Denge wa Vuta n'kuvute ni nani. Kubalianeni mapema kama bei ni ya kundi au ya kichwa, na kama viingilio vimo ndani yake.

Mtoni, alikozaliwa Salme, si pa kuchomeka asubuhi hiyo hiyo. Pandeni daladala ya 502 ya Bububu siku nyingine, alasiri, jua likielekea baharini. Makunduchi, kwao Muhammed Said Abdulla, ni siku nzima peke yake, na mkiweza iwe Julai, wakati wa Mwaka Kogwa.